Saa 24 na Kitabu cha OB

Kwenye kaunta ya kila kituo cha polisi nchini Kenya kuna kitabu kikubwa chenye jalada gumu ambacho watu wote hukiita OB, yaani kitabu cha matukio. Mambo huandikwa humo kwa mfuatano wa saa: namba ya tukio kwa siku hiyo, saa lilipoandikwa, maelezo, sahihi ya askari wa zamu. Ukipewa namba OB 31/14/3/2025, umepewa tukio la 31 lililoandikwa tarehe 14 Machi 2025 katika kituo hicho. Mshukiwa anapoingizwa, huandikwa jina lake, askari aliyemleta, kosa analoshukiwa nalo, saa aliyofika, hali ya mwili wake, na vitu alivyovuliwa, kuanzia simu na mshipi hadi kamba za viatu. Akitolewa kwenda kortini, hospitalini au kituo kingine, huandikwa tena.

Naanza na kitabu hiki kwa sababu historia ya kukamatwa kwa wanasiasa Kenya husimuliwa kwa majina makubwa na hotuba kubwa, ilhali kazi yenyewe hufanyika pale kaunta. Mtu akishashikwa, mambo mawili ndiyo huamua atatokaje: ameandikwa wapi, na saa yake imeanza kuhesabiwa lini. Kila serikali iliyotaka kumzima mpinzani, ya mkoloni na ya mwananchi, ilianza kwa kuvuruga moja kati ya hayo mawili.

Tuchukue mwaka 1922. Harry Thuku, aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali, alikuwa amewakusanya watu wa Nairobi dhidi ya kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kipande. Kipande kilikuwa karatasi ya utambulisho ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba ndani ya kikopo cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni. Humo mliandikwa mwajiri wake, mshahara wake, na kama aliruhusiwa kuondoka kazini. Askari yeyote angeweza kumsimamisha njiani na kukidai. Karatasi ilimlazimu aliyekamatwa. Aliyekamata hakudaiwa karatasi yoyote. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi, akawekwa katika kituo cha Kingsway, ambacho leo ndicho Central, Nairobi. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ukitaka aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawakejeli wanaume kwa woga wao. Askari walifyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, na walioshuhudia walisema idadi hiyo ilikuwa ndogo mno. Thuku mwenyewe hakufunguliwa mashtaka yoyote. Alipelekwa Kismayu kwa amri ya serikali, na alikaa uhamishoni karibu miaka tisa bila hakimu kumwuliza neno.

Miaka thelathini baadaye mbinu ilikuwa imekomaa. Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari dhidi ya uasi wa Mau Mau tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku huo polisi wakaanza Operesheni Jock Scott wakiwa na orodha ya majina mkononi. Jomo Kenyatta alichukuliwa kutoka nyumbani kwake Gatundu. Kesi ilipelekwa Kapenguria, mji mdogo wa kaskazini usiokuwa na hoteli, na mawakili walilala Kitale, karibu kilomita 40, wakawa wanaenda na kurudi kila siku. Mahali hapo palichaguliwa makusudi, mbali na umati na mbali na waandishi wa habari. Lakini palizua tatizo la sheria: washtakiwa hawakuwa wamekamatwa Kapenguria, na makosa waliyodaiwa kutenda hayakutendeka huko. Basi waliachiliwa kwa jina tu, wakakamatwa tena papo hapo ili hakimu apate mamlaka juu yao.

Hiyo ndiyo serikali iliyokuwa na jeshi, ndege na sheria za hatari, na bado ilihitaji kuwakamata watu mara ya pili ili karatasi ikubaliane na mahali. Na hata hivyo karatasi nusura iwaponyoke. Julai 1953 Mahakama ya Juu ya koloni iliamua kwamba hakimu, Ransley Thacker, hakuwa na mamlaka kisheria ya kuisikiliza kesi hiyo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaja kulipindua hilo na hukumu ikabaki: miaka saba na kazi ngumu kwa Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai na Paul Ngei, huku Achieng' Oneko akishinda rufani yake lakini akiwekwa kizuizini hivyo hivyo. Thacker alikuwa jaji mstaafu aliyeteuliwa kwa kesi hii moja na kulipwa pauni 20,000. Rawson Macharia, shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, aliapa mwaka 1958 kwamba alikuwa amedanganya kortini. Akashtakiwa na kufungwa, kwa kosa la kuapa kiapo hicho cha pili.

Wakati viongozi sita walipata angalau kesi, watu wa kawaida walipata gunia. Katika Operesheni Anvil, iliyoanza tarehe 24 Aprili 1954, Nairobi ilizingirwa na watu wakakaguliwa mtaa kwa mtaa. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, aliyeitwa gakunia, aliketi huku watu wakipitishwa mbele yake. Akitikisa kichwa, umekwisha. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini, wengi Manyani na Mackinnon Road, kwa ushahidi wa mtu asiye na uso wala jina ambaye hakuna wakili angeweza kumhoji. Kambini walipangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu, weusi, kulingana na jinsi walivyoonekana kuwa sugu. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Ilichukua hadi Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kueleza majuto na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Uhuru ulipokuja 1963, wengi walidhani mitambo hii ingevunjwa. Ilibadilishwa jina. Mwaka 1966 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, na waziri akapata uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Ni muhimu kujua hatua zake, maana watu wengi hudhani kizuizi hicho kilikuwa nje ya sheria kabisa. Katiba iliagiza aliyezuiliwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya siku 5, kwa lugha anayoielewa. Ndani ya siku 14 jina lake lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ndani ya mwezi mmoja, na kisha angalau kila miezi sita, jopo huru lichunguze kesi yake, naye awe na nafasi ya kuonana na wakili.

Kwa macho inapendeza. Ilipoharibika ni hapa: jopo lilikuwa la kushauri tu, na waziri hakulazimika kufuata ushauri wake. Sababu za maandishi zikaja zikiwa sentensi za jumla, kwamba mtu huyu amejihusisha na mambo yanayohatarisha usalama, bila siku, mahali wala tendo. Huwezi kujitetea dhidi ya sentensi ya namna hiyo. Hakuna cha kukanusha.

Waliopita humo ni wengi. Baada ya vurugu za Kisumu za Oktoba 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na Oginga Odinga akazuiliwa hadi 1971. Achieng' Oneko, yule yule aliyeketi kizimbani pamoja na Kenyatta kule Kapenguria, alizuiliwa na serikali ya Kenyatta kuanzia 1969 hadi 1975. Sioni mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi jinsi chombo kinavyomtumikia yeyote anayekishika. Tarehe 15 Oktoba 1975, Naibu Spika Jean-Marie Seroney na mbunge Martin Shikuku walikamatwa ndani ya viwanja vya Bunge kwa maneno waliyoyasema Bungeni, mahali ambapo kinga ya mbunge ilipaswa kuwa na nguvu kuliko popote. Walitoka Desemba 1978, Daniel arap Moi alipowaachilia wafungwa wote wa kisiasa baada ya kuingia madarakani.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na kizuizi kikarudi. Katika miaka hiyo ya themanini ndipo jambo baya zaidi kuliko kizuizi lilipozoeleka. Aliyepewa amri ya kizuizi angalau jina lake lilichapishwa Gazetini. Familia ilijua yuko hai na yuko mikononi mwa nani. Wale walioshukiwa kuwa wanachama wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, kuanzia 1986, walichukuliwa na Special Branch, polisi wa upelelezi wa kisiasa, hadi Nyayo House, jengo refu la serikali katikati ya Nairobi ambako wananchi walipanda juu kufuatilia shughuli za ofisini. Chini yao kulikuwa na vyumba vya giza, vingine vikijazwa maji ili mtu asiweze kulala wala kuketi. Hakikuwa kituo cha polisi. Hakikuwa na OB ambayo mke angeweza kuulizia. Siku zikawa wiki, na hakuna mahali zilipohesabiwa.

Kisha, jioni, mahakama ikiwa imefungwa kwa watu wengine, mshukiwa alifikishwa mbele ya hakimu bila wakili, akasomewa mashtaka, akakiri, akahukumiwa. Yote kwa dakika chache. Aliyekataa kukiri aliweza kurudishwa chini, au kupewa amri ya kizuizi. Kwa hiyo rekodi ya korti ilionyesha mtu aliyekamatwa vizuri, akashtakiwa upesi na kukiri kwa hiari. Karatasi ilikuwepo, ila ilianza kuandikwa baada ya mambo kumalizika.

Wakili aliyejaribu kuisahihisha alijikuta humo humo. Gibson Kamau Kuria alitoa ilani ya kuishtaki serikali kwa mateso waliyopata wateja wake mapema mwaka 1987. Akakamatwa na kuwekwa kizuizini hadi Desemba. John Khaminwa alizuiliwa 1982 alipomtetea mteja aliyekuwa kizuizini. Na mahakama nayo ikafunga mlango: mwaka 1989 Mahakama Kuu iliamua kwamba sehemu ya Katiba iliyompa mwananchi njia ya kudai haki zake haiwezi kutumika, kwa kuwa Jaji Mkuu hakuwa ametunga kanuni za kuitumia. Haki zilikuwa zimeandikwa, ila fomu ya kuziombea haikuwa imechapishwa.

Saa nayo ilirefushwa. Katiba ya zamani ilisema mshukiwa afikishwe kortini upesi, na zikipita saa 24 polisi ndio wa kueleza sababu. Marekebisho ya 1988 yakaongeza muda huo hadi siku 14 kwa makosa yenye adhabu ya kifo, na katika marekebisho hayo hayo majaji walipoteza ulinzi wa kazi zao. Uone ujanja wake: kosa linaloshukiwa huandikwa na polisi mwenyewe. Ilitosha kuandika wizi wa mabavu mbele ya jina la mtu, akapatikana muda wa wiki mbili, hata kama shtaka la mwisho lingekuwa dogo. Ulinzi wa majaji ulirudishwa 1990. Mwaka huo huo wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikamatwa tarehe 4 Julai, siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba, wa kudai vyama vingi, waliouitisha Kamukunji. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi kuwa mzima kama awali.

Mageuzi ya 1997, yaliyotokana na mazungumzo ya wabunge wa pande zote, yaliondoa kizuizi bila mashtaka na kosa la uchochezi dhidi ya serikali. Mikutano nayo ikaacha kuhitaji leseni: mwandalizi hutoa taarifa kwa mkuu wa kituo cha eneo, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Mpaka leo maafisa wengi huitumia taarifa hiyo kana kwamba ni maombi ya ruhusa. Anayeipeleka ahakikishe nakala yake imegongwa muhuri wa kituo na kuandikwa tarehe na saa, kwa sababu swali la kwanza kortini litakuwa kama taarifa ilifika kwa wakati.

Kuhusu siku 14, mahakama ziliyumba. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachilia huru mtu aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu kwa sababu alikaa mikononi mwa polisi miezi minane kabla ya kuona hakimu. Kwa miaka michache hivi saa ilikuwa na meno: polisi wakichelewa, kesi yote inakufa. Kisha mwaka 2010 mahakama hiyo hiyo ikageuka na kusema dawa ya kucheleweshwa ni fidia, kesi iendelee. Naelewa hofu yao, maana mwathiriwa wa jambazi naye ana haki. Lakini tangu siku hiyo aliyechelewesha hapotezi chochote mfukoni mwake. Hulipa mlipa kodi, miaka mingi baadaye.

Sasa tuifungue Katiba ya 2010, kifungu cha 49, pole pole, kwa kuwa ndipo mchezo wa sasa ulipo. Aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kunyamaza. Awasiliane na wakili na watu wengine anaohitaji msaada wao. Afikishwe kortini haraka iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 24. Halafu inafuata sentensi ambayo wengi hawaisomi hadi mwisho: saa hizo 24 zikimalizika nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogezwa hadi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama.

Hesabu basi. Mtu akikamatwa Jumatatu saa nne asubuhi, saa zake zinaisha Jumanne saa nne asubuhi, mahakama iko wazi. Akikamatwa Ijumaa saa kumi jioni, zinaisha Jumamosi, mahakama imefungwa, muda unasogea hadi mwisho wa Jumatatu. Usiku tatu ndani, bila hakimu. Ndiyo maana Wakenya walilipa jambo hili jina, kamatakamata ya Ijumaa, na wanasiasa wa kila upande wamelionja kwa zamu.

Ila Ijumaa si siku mbaya zaidi. Mbaya zaidi ni Alhamisi jioni. Mtu akishikwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa 24 zinaisha Ijumaa saa kumi na mbili jioni, wakati korti imeshafungwa. Muda unaruka Jumamosi na Jumapili hadi mwisho wa Jumatatu. Hizo ni usiku nne. Jumatatu ikiwa sikukuu, ni tano. Wakili anayejua hesabu hii huenda kwa hakimu Ijumaa asubuhi, akitegemea yale maneno ya mwanzo, haraka iwezekanavyo: korti iko wazi siku nzima, kituo kiko kilomita mbili kutoka hapo, kwa nini hakuletwa? Saa 24 ni kikomo cha mwisho. Polisi hawakupewa kama posho ya kutumia yote. Hoja hiyo hushinda mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyodhani, lakini yahitaji OB, kwa sababu bila saa ya kukamatwa hakuna pa kuanzia kuhesabu.

Na hapo ndipo hila inapoanzia. Saa ya kukamatwa ni pale mtu alipozuiwa kwenda zake, barabarani au nyumbani. Saa inayoandikwa OB ni ile ya kufika kituoni. Akizungushwa kwenye gari kwa muda wa saa sita, hesabu ya kitabu itapungua kwa muda huo huo. Kwa hiyo aliyeshuhudia aandike mara moja: saa, mahali, idadi ya waliomchukua, mavazi yao, aina na rangi ya gari, namba ya gari hata kama huenda ni ya bandia. Askari kanzu wana sheria zile zile za kujitambulisha wanapokamata, na askari mwenye sare anatakiwa na sheria ya 2011 kuvaa jina au namba yake mahali inapoonekana.

Hila ya pili ni kumhamisha. Februari 2018, mwanasiasa wa upinzani Miguna Miguna alikamatwa Nairobi, akapitishwa vituo vya Kiambu, Mahakama Kuu ikaamuru afikishwe mbele yake, naye akatokea kwa hakimu wa Kajiado. Usiku huo akapandishwa ndege kwenda Canada. Machi mwaka huo, aliporudi na kuzuiliwa uwanja wa ndege licha ya amri ya korti, waziri wa usalama wa ndani, mkuu wa polisi na mkuu wa uhamiaji walipatikana na hatia ya kudharau mahakama na kutozwa faini ya shilingi 200,000 kila mmoja. Februari ile, kila kituo kilichoulizwa kiliweza kusema, kwa ukweli, kwamba mtu huyo hayupo hapa.

Kwa ajili hiyo ombi la kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu aletwe mbele yake halipaswi kutaja kituo kimoja. Litaje Inspekta Jenerali, Mkurugenzi wa Upelelezi, Mwanasheria Mkuu, na wakuu wa vituo vyote vinavyoshukiwa. Liambatane na hati ya kiapo ya jamaa au shahidi, na hati ya dharura. Kosa linaloua maombi mengi ni kiapo chenye huruma nyingi na maelezo machache. Jaji akisoma kwamba mwanangu amepotea na nina uchungu, na polisi wakaapa kwamba hawanaye, hana pa kushika. Akisoma saa, barabara, gari, jina la mtu aliyeona, na namba za OB za vituo vitatu ambako familia ilienda kuuliza siku hiyo, polisi watalazimika kujibu kila moja. Ndiyo, kuuliza nako kuandikwe: familia ikifika kituoni kutafuta mtu wao, ipige ripoti ya mtu aliyepotea na kutoka na namba ya OB. Haki hii ya kuletwa mbele ya jaji ni moja kati ya chache ambazo kifungu cha 25 kinasema haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote.

Mshukiwa akishafika kortini, kuna mlango mwingine wa kumrudisha seli. Sheria ya 2014 ilimpa polisi njia ya kuomba siku zaidi kabla ya mashtaka, hadi 30, na zikiongezwa zisizidi 90 kwa jumla. Maombi haya huja na kiapo cha mpelelezi kinachosema simu zinachunguzwa, mashahidi hawajapatikana, mshukiwa anaweza kuingilia uchunguzi. Polisi huomba 14, hakimu hukata hadi 5, kila mtu huondoka akihisi ameshinda. Swali ambalo wakili mzuri humtupia mpelelezi ni moja: katika kazi zote ulizozitaja, ni ipi inahitaji mwili wa mtu huyu uwe seli? Simu mnayo tayari. Maabara haimhitaji. Mpelelezi akikosa jibu, dhamana hutolewa. Na kama kosa ni la faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba hairuhusu rumande hata kidogo.

Uongozi wa kisiasa nao ulipewa karatasi yake. Kifungu cha 245 kinakataza mtu yeyote, Rais akiwemo, kumwelekeza Inspekta Jenerali nani akamatwe au achunguzwe vipi. Waziri anaweza kutoa mwongozo wa sera tu, tena kwa maandishi. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kuagiza uchunguzi, naye kwa maandishi. Huu, kwa maoni yangu, ndio mstari bora kabisa ulioandikwa kuhusu polisi Kenya, na pia ndio unaovunjwa kwa urahisi kuliko yote, kwa kuwa simu haiachi maandishi. Kiongozi akisimama jukwaani na kutangaza kwamba fulani atakamatwa kesho, na kesho yake akakamatwa, kanda ya hotuba hiyo ni kielelezo. Iwekwe kwenye ombi.

Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yaliturudisha kwenye mbinu ya Nyayo House: vijana waliochukuliwa na watu wasio na sare, kwa magari yasiyotambulika, na kupelekwa mahali pasipo na kitabu. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu Juni. Polisi walisema hawahusiki. Hilo linawezekana kusemwa kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyeandikwa.

Kisha Juni 2025. Mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni alikamatwa Homa Bay kwa malalamiko yaliyotokana na afisa mkuu wa polisi. Akasafirishwa kwa gari hadi Nairobi, mamia ya kilomita, akipita vituo na mahakama nyingi njiani ambako angeweza kufikishwa. Aliingizwa kituo cha Central. Kesho yake alikuwa amekufa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliofanya uchunguzi wa maiti walikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na majeraha mengine mwilini, mambo ambayo ukuta hauwezi kuyafanya. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, ambayo kwa sheria lazima ichunguze kila kifo cha mtu aliye mikononi mwa polisi, iliieleza Seneti kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Inspekta Jenerali alilazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya kwanza. Mkuu wa kituo ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji, na wote wamekana.

Central ni kile kituo cha Kingsway alikowekwa Harry Thuku. Mwaka 1922 walioshuhudia walikuwa umati uliosimama nje na hesabu yao haikuandikwa popote rasmi. Safari hii kamera zilifutwa, lakini gari lilikuwa limeonekana Homa Bay, jina lilikuwa limeingizwa kitabuni pamoja na saa, na wapelelezi walianza na ukurasa huo.